Nilishuka botini kimya kimya, nikamwacha Bi Harusi ndani

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 29, naishi Mwanza, nafanya kazi duka la dawa. Nakuandikia kwa sababu zimebaki wiki tano kabla ya harusi ambayo nilikuwa nisimame kama matron, na hadi leo sijui kama nitakanyaga ukumbini hata kwa kadi ya mgeni wa kawaida.

Rafiki yangu nitamwita Bi Harusi, maana sitaki ajulikane. Tumejuana tangu kidato cha kwanza. Bwenini tulilala kitanda kimoja cha juu na chini, tukagawana ndoo ya maji, sabuni na hata adhabu. Mwezi uliopita kamati yetu ya mashosti iliamua kwamba sherehe ya kumuaga ukapera tusifanyie ukumbini, tukodi boti. Siku hizi ndiyo mtindo hapa kwetu: boti ya ghorofa, taa za rangi, dijei, mishkaki, mnatoka jua linazama, mnapiga picha na Jiwe la Bismarck, mnazunguka ghuba mpaka usiku. Mchango ulikuwa 70,000 kwa kichwa, watu 25. Mimi nilishika hela ya chakula.

Kuna jambo ambalo mashosti wengi hawalijui. Nilizaliwa Julai 1996. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei mwaka huo, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, na ndani yake alikuwemo kaka yake mama. Alikuwa anamletea dada yake mjamzito ndizi na kahawa. Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi saba, amekaa na wenzake kusubiri. Kaka yake hakuonekana. Pengine yuko Igoma na wale waliozikwa bila kutambuliwa, pengine ziwa limebaki naye. Jina langu lenyewe ni la msiba ule, ndiyo maana siliandiki hapa. Mjomba wangu wa damu sikumwona, ndiyo maana nimekuja kwako.

Mama hapandi meli. Akienda kwao Ukerewe anazunguka kwa basi mpaka Bunda, anafika Kisorya, na kile kipande kifupi cha kivuko hadi Rugezi anakivuka amejifunika khanga usoni. Hadithi aliyonilea nayo ni ya wale watu waliosikika wakigonga chuma kutoka ndani meli ikiwa imepinduka, na walio nje hawana la kufanya. Siku ile sikumwambia kwamba naenda botini. Nilimwambia tuko ukumbini.

Tulipangiwa kuondoka saa kumi na mbili jioni. Nilifika mapema na masufuria. Pembeni mwa mlango wa boti kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: ABIRIA 25. Watu wakaanza kuja. Shosti huyu amekuja na mchumba, yule na wadogo zake wawili, dijei na vijana wake wanne, mpiga picha na msaidizi, na binamu za Bi Harusi kutoka Musoma ambao hakuna aliyewategemea. Spika mbili kubwa na jenereta vikapandishwa ghorofani. Mimi nina ugonjwa wa kuhesabu, ni kazi yangu kuhesabu vidonge. Nikahesabu watu 43. Nikauliza majaketi ya kuokolea yako wapi, kijana mmoja akanionyesha fuko la wavu chini ya benchi, limefungwa kwa kamba. Niliyoyaona hayakufika kumi na tano, na mengine yalikuwa ya watoto. Nikamfuata nahodha. Akacheka: “Dada, leo ziwa limelala.”

Halafu jua likawa zuri. Wote wakakimbilia upande mmoja wa ghorofani kupiga picha, tukiwa bado tumefungwa gatini. Boti ikalala upande ule. Si sana. Glasi zikateleza mezani, watu wakapiga kelele za furaha. Spika nazo zikaanza, ile besi ikawa inagonga kwenye bati la ubavuni, na mimi nikasikia kitu kingine kabisa.

Nilimfuata Bi Harusi nikamnong’oneza kwamba tumbo limenivuruga, wasinisubiri. Akanihurumia, akataka hata kuniitia bodaboda. Wakati nashuka nikamshika mkono mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana miaka 19, nikamwambia anisindikize. Tukashuka. Boti ikaondoka saa moja na nusu usiku. Bi Harusi alikuwa juu, amevaa taji la karatasi. Akanipungia mkono. Na mimi nikampungia.

Mjomba, sikwenda nyumbani. Nilimpakia mdogo wangu kwenye bodaboda, mimi nikakaa kwenye benchi karibu na maji. Nilinunua karanga za kwenye karatasi, nikazishika tu. Muziki ulikwenda mbali, ukapotea, nikasimama; ukarudi, nikakaa. Hivyo hivyo mpaka saa sita kasoro zile taa za rangi zilipotokea upande wa Capri Point. Nilihesabu kila aliyeshuka. Walipofika 41 nikajificha nyuma ya kibanda cha soda, nikaondoka bila kuonekana. Hakuna anayejua hili. Wewe ni wa kwanza.

Wiki mbili baadaye, kwenye kikao, mdogo wangu akachekesha watu: “Dada alinitoa mbio, anasema boti itazama!” Bi Harusi hakucheka. Usiku akanipigia. Alisema, “Kama uliona ni jeneza, mbona ulinipungia mkono? Mdogo wako ulimtoa. Mimi je?” Sikuwa na jibu. Kesho yake kwenye kundi la WhatsApp shosti mmoja akaandika: “Mtu anayeona vifo vya wenzake kabla havijatokea tunamwitaje?” Wengine wakaweka alama za kucheka. Jioni nikakuta nimetolewa kundini.

Sasa juzi Bi Harusi kapiga tena. Anasema wamekodi boti ile ile, Jumamosi ya mwisho kabla ya harusi, na anataka nipande. “Upande tu, yaishe.” Sikujibu. Nikipanda, namdanganya yeye, nafsi yangu na mama. Nisipopanda, nimepoteza dada. Na hata nikitaka kumwomba radhi, sijui naomba kwa lipi. Boti ilirudi, Mjomba. Hakuna lililotokea. Huenda mimi ndiye niliyekosea tangu mwanzo.

Aliyeshuka, Mwanza

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Nimeusoma mkasa wako mara tatu, na mara zote nilikwama pale kwenye kupungiana mikono.

Unaniuliza mambo mawili: upande au usipande, na uombe radhi kwa kosa gani. Nayasikia. Ila ndani ya barua yako lipo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ndilo nadhani linakunyima usingizi. Ulipoogopa, mikono yako ilijua ni nani wa kumshika, na haikumshika rafiki yako. Tutafika hapo. Kwanza niruhusu nikusumbue kidogo kuhusu ile sentensi yako ya mwisho.

Unasema boti ilirudi, kwa hiyo huenda ulikosea. Hebu tuitazame. MV Nyerere ilikuwa ikivuka kati ya Bugolora na Ukara siku baada ya siku, na kila iliporudi salama ilimpa mtu sababu ya kusema hakuna neno. Tarehe 20 Septemba 2018 ikapinduka imekaribia gati, na watu 228 wakafa, kwenye kivuko kilichotengenezwa kubeba abiria wapatao 100. Miezi miwili baadaye, 24 Novemba 2018, upande wa Uganda wa ziwa hili hili, boti ya starehe iitwayo MV Templar, yenye muziki na vijana waliovaa vizuri kama ninyi, ilizama jioni ya Jumamosi ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na waliokufa ni zaidi ya 30. Sikuambii haya ili nikutie hofu, hofu unayo ya kutosha. Nakuambia kwa sababu umeanza kuyapima macho yako kwa matokeo. Maandishi yalisema 25 na wewe ulihesabu 43. Hesabu ile haikubadilika saa sita kasoro usiku.

Na lile la kulala upande hukulitunga. Chombo cha majini hakisumbuliwi na uzito peke yake. Kinasumbuliwa zaidi na uzito uliokaa juu, na uzito unaohama. Watu 40 walioketi chini katikati ni jambo moja. Watu hao hao wakiwa ghorofani pamoja na spika na jenereta, kisha wakakimbilia upande mmoja kwa ajili ya picha, ni jambo jingine kabisa. Halafu ziwa letu lina tabia yake: hulala jioni likaamka usiku, radi na upepo hupenda saa ambazo watu wameshalewa muziki. Nahodha aliyekuambia ziwa limelala huenda hakukudanganya. Alikujibu kuhusu ziwa, na wewe ulikuwa umeuliza kuhusu boti.

Lakini sitaki ukimbilie upande wa pili ukajiona nabii. Mimi sijui kama boti ile ingezama, na wewe hujui. Katika barua yako hofu mbili zimefungwa khanga moja. Ipo ya mhesabu vidonge aliyeona namba hazilingani. Na ipo ya mtoto aliyekuwa tumboni Mei 1996, aliyesikia besi ikigonga bati akasikia watu. Ya kwanza unaweza kumwonyesha mtu yeyote kwa kidole: tazama maandishi, tazama fuko lile la majaketi. Ya pili huwezi kumwonyesha mtu mpaka umsimulie. Bi Harusi hakuonyeshwa ya kwanza, na sidhani kama amewahi kusimuliwa ya pili kwa urefu. Umesema mashosti wengi hawaijui habari ya mjomba wako. Yeye ni mmoja wa hao wengi? Miaka yote ile ya bweni? Ninauliza tu, maana kama haijui, basi anakuhukumu kwa kurasa chache alizonazo.

Tuje kwake sasa. Wewe unaona anakulaumu kwa kushuka. Nimeyasoma maneno yake uliyoyanukuu, na mimi silioni neno la kushuka humo. Anasema ulimtoa mdogo wako, anasema ulimpungia. Huyo si mtu aliyeudhika kwa sababu umemharibia sherehe. Ni mtu aliyehesabu mikono yako miwili, akakuta mmoja umemshika mwingine na wa pili umemuaga yeye. Ukienda kwake na hoja za idadi ya abiria, utashinda ubishi na hutakuwa umemjibu.

Tena liko jambo ambalo nadhani na yeye analibeba. Sherehe ilikuwa yake. Binamu wa Musoma walikuwa wake. Kumwambia ndugu aliyesafiri kwa basi siku nzima kwamba ashuke, nafasi hakuna, nani kati yetu analiweza? Tumelelewa kwamba mgeni hageuzwi mlangoni, chakula kikiwa kidogo tunaongeza maji kwenye mchuzi. Shida ni kwamba boti haiongezwi maji. Huenda siku ile naye aliona watu wamezidi akanyamaza kwa sababu ile ile iliyokufanya wewe useme tumbo. Uongo wa tumbo, mpwa wangu, ni uongo wa adabu zetu. Tunautumia kutoka kwenye harusi zinazochosha na kwenye vikao vya michango. Hukuubuni wewe. Ila safari hii ulibebeshwa mzigo ambao si wake.

Na je, una hakika hakuogopa? Boti ilipolala upande alikuwa juu, amevaa taji lake. Wewe ulikuwa unatazama glasi. Hukuniambia uso wake ulikuwaje. Inawezekana hasira hii imeingia baada ya yeye kukumbuka, akiwa kitandani kwake, kwamba na moyo wake ulishtuka na hakuwa na pa kushukia. Sisemi ndivyo. Nasema ni swali zuri kuliko mengi utakayoweza kumuuliza.

Kuhusu yule aliyeandika lile swali la “tunamwitaje” sitakaa sana. Anajua anachokisema na wewe unakijua. Katika mkoa wenu neno lile limewahi kuwatoa uhai bibi wazee kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni, kwa hiyo si neno la kuchekea. Lisibishaniwe kundini. Kama kuna dada mkubwa au mama mwenye heshima katika kamati yenu, amwite amwambie pembeni. Likiachwa litakua, na likijibiwa hadharani litakua haraka zaidi.

Sasa Jumamosi hiyo. “Upande tu, yaishe.” Sentensi fupi kama hii inaweza kubeba mizigo mitatu tofauti. Anaweza kuwa anakupima: thibitisha kwamba unaweza kufa nami. Anaweza kuwa anakupa mlango wa kurudi, na mlango pekee aliouona ni ule uliotokea. Au anaweza kuwa anataka usiku ule urudiwe upya, safari hii bila nafasi yako kuwa tupu. Kabla hujaamua kupanda au kutopanda, ningependa ujue ni upi kati ya hiyo, na hakuna wa kukuambia isipokuwa yeye.

Ukipanda, usipande kama anayekwenda kunywa sumu mbele ya mashahidi. Una haki ya kuuliza mapema, siku kadhaa kabla, wala si pale gatini: watu wangapi, jaketi kwa kila kichwa na limevaliwa au liko mkononi, spika na dijei wakae chini, kurudi saa ngapi, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unasemaje jioni hiyo. Hayo si ya kuonea aibu. Lakini hatari yake ninaiona. Utaahidiwa yote, halafu jioni ile binamu wengine watafika, na utajikuta umesimama kwenye ubao ule ule, safari hii macho yote yakikutazama wewe. Kushuka mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Ukielekea njia hiyo, mweleze Bi Harusi mapema, kwa maneno mepesi: wakizidi 25 nashuka, na safari hii nitakuja nikushike mkono. Jibu atakalotoa litakuambia mengi kabla hujanunua hata nguo.

Ukikataa kupanda, nalo ni jibu la mtu mzima. Hatari yake ni kwamba kukataa bila kusimulia kutasomwa kama tumbo la pili. Watajaza wenyewe palipo wazi, na umeshaona wanajaza kwa wino gani.

Kuna njia nyembamba katikati, sijui kama itakufaa. Mnaweza kwenda majini ninyi wawili tu, mchana. Safari ya boti kwenda Saanane ni ya dakika chache, jaketi mmevaa, mnatembea kisiwani mkiwatazama pimbi, mnarudi. Si sherehe, na pengine ataona ni kidogo mno kulinganisha na anachokidai. Pengine hata hiyo ni nyingi mno kwako kwa sasa. Lakini kule hakuna dijei, na mtasikilizana.

Mama yako. Ulimdanganya kwamba mko ukumbini, ukamficha boti, na sasa unamficha ugomvi uliotokana na boti. Naelewa kwa nini: hutaki kumrudisha kwenye ile siku aliyokaa kusubiri. Ila fikiri kidogo kuhusu ulichokifanya usiku ule. Uliketi karibu na maji kwa zaidi ya saa nne ukisubiri taa zitokee. Ulifanya kile kile alichofanya yeye, isipokuwa wako walirudi. Sidhani kama kuna mtu Mwanza nzima angekielewa kikao chako kile kuliko mama huyo. Hatari ipo, usinielewe vibaya. Anaweza kukukataza boti moja kwa moja, na wewe ukapata kisingizio kingine kilicho tayari: mama kakataa. Ukimwambia, mwambie kama mtu anayesimulia, usimwombe ruhusa.

Na ile radhi? Sikuoni ukiomba radhi kwa kushuka, na ukifanya hivyo nadhani Bi Harusi mwenyewe ataona unamwigizia. Kwa kumtoa mdogo wako? Mama yako mdogo alikukabidhi mtoto, ulimrudisha. Kinachobaki ni kidogo na ni kigumu: ulimwachia rafiki yako achague bila kujua ulichokuwa unakijua. Labda angekucheka, akasema panda acha mambo yako. Labda angeshuka nawe, sherehe ikaishia kwenye mchanga mkila mishkaki. Hukumpa nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo. Wengi wetu tungefanya kama wewe, na mimi ni wa kwanza. Muziki umeanza, watu wamelipa, nani atasimama aseme zima spika? Siliandiki hili kukuhukumu. Nalitenga na mengine ili ukilishika mkononi ujue ukubwa wake, usije ukaomba radhi kwa gunia zima wakati deni ni kibaba.

Kuna watu wengine 40 ambao barua yako imewapita, pamoja na vijana wa boti. Boti ile imekodiwa tena na wengine watapanda bila kuhesabu. Vyombo vya majini vinakaguliwa na kupewa idadi yao ya abiria, na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo hivyo, ndiyo mahali pa kupeleka taarifa ya chombo kinachozidisha. Ukipeleka sasa, kabla ya harusi, watasema umelipiza kisasi. Ukingoja, kila wikiendi boti inatoka. Sina jibu jepesi la hili. Ila usiliunganishe na urafiki wako. Ni mambo mawili, na unaweza kuyafanya kwa siku mbili tofauti, au ukamshirikisha Bi Harusi kwanza. Huenda akakushangaza.

Wiki tano si nyingi, lakini mazungumzo haya hayahitaji hata saa nzima. Yasifanyike kwa simu, wala kwa ujumbe, wala mbele ya kamati. Kama ningekuwa karibu yenu ningekuambia mpeleke kwenye benchi lile lile, jioni, kabla mashosti hawajajua mko wapi. Yeye anachokijua ni kwamba ulimpungia mkono ukaenda kulala. Hajui kwamba ulisimama kila muziki ulipopotea. Hajui kwamba uliwahesabu mmoja mmoja wakishuka hadi 41, na kwamba ulijificha nyuma ya kibanda cha soda ukiwa bado umeshika karanga ambazo hukuonja hata moja.